Mti ukikauka, usianze kwa jirani
Jinsi ya kufundisha wajitoleaji kutambua na kuripoti wadudu wa miti

Katika milima yetu ya Kivu, mti si mti tu. Ni kuni za jikoni, ni makala ya kuuza sokoni, ni mbao za nyumba, ni pesa za shule za watoto. Mara nyingi ni mpaka pia. Mstari wa sipre au wa kalitusi ndio unaoonyesha shamba la huyu linaishia wapi na la yule linaanzia wapi. Kwa hiyo miti ikianza kukauka bila sababu inayojulikana, haliumii shamba peke yake. Watu wanaanza kuulizana: Nani alipita hapa usiku? Nani alimwaga kitu kwenye mizizi? Nani anataka mpaka huu upotee?

Wale wanaofanya kazi ya upatanisho vijijini wanajua maswali hayo yanapofikia. Ugonjwa usio na jina hutafutiwa mchawi. Lakini mara nyingi aliyekausha mti ni mdudu mdogo kuliko punje ya mtama, aliyetoka mbali bila kutumwa na mtu yeyote. Katika ukurasa huu tunaeleza wadudu hao ni wa namna gani, jinsi ya kuandaa watu wa kujitolea ili wawatambue mapema na kutoa ripoti nzuri, na jinsi ya kufanya kazi hiyo bila kuzaa ugomvi mwingine.

WADUDU WANAOSAFIRI

Miti mingi tunayopanda leo haikuzaliwa kwetu. Kalitusi na grevilea asili yao ni Australia. Sipre iliyozoeleka katika milima yetu asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Miti hiyo ilifika Afrika kama mbegu, na wadudu wake wakabaki nyuma. Kwa miaka mingi ilikua vizuri kwa sababu haikuwa na adui. Siku hizi watu, miche, mbao na mizigo vinasafiri sana, na wadudu wanasafiri navyo. Mdudu akifika mahali ambapo hakuna wa kumla, anaongezeka haraka kuliko alivyokuwa kwao. Hii hapa ni mifano mitatu.

Kidukari wa sipre. Alionekana Malawi mwaka 1986. Katika miaka michache tu alisambaa katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki na Maziwa Makuu, na mwaka 1990 alikuwa amefika Kenya. Ni mdudu mdogo wa rangi ya kahawia au kijivu, mwenye urefu wa milimita mbili mpaka nne. Wanakaa wengi pamoja kwenye vitawi na kunyonya maji ya mti. Jike anaweza kuzaa bila dume, ndiyo maana wanaongezeka upesi. Majani yanageuka kahawia, mara nyingi kuanzia ndani ya mti kuelekea nje. Chini ya wadudu utaona utomvu unaonata kama asali, na juu yake ukungu mweusi kama masizi. Mti mmoja unaweza kukauka upande mmoja, mwingine ukafa wote.

Nyigu wa kalitusi. Jina lake la kitaalamu ni Leptocybe invasa. Ni mdogo sana, hana urefu zaidi ya milimita moja na nusu, naye ni mweusi mwenye kung'aa kidogo kama buluu na kijani. Uganda na Kenya zilimwona mwaka 2002. Jike hutaga mayai ndani ya mshipa wa katikati ya jani, ndani ya kikonyo, au ndani ya kitawi kichanga. Mahali hapo panavimba na kufanya vinundu, kwanza vya kijani, kisha vyekundu, kisha vya kahawia. Majani yanajikunja. Mche mdogo unadumaa na kugeuka kichaka badala ya kuwa mti. Mdudu mwenyewe ni vigumu kumwona, lakini vinundu vyake hata mtoto anaweza kuvitambua.

Kunguni wa kalitusi. Huyu naye asili yake ni Australia. Alionekana Afrika Kusini mwaka 2003 na Kenya mwaka 2009. Ni bapa, ana urefu wa milimita tatu hivi, na anakaa juu ya majani. Majani ya mti mzima yanageuka mekundu, kisha rangi ya shaba, kisha yanaanguka. Mtu asiyemjua atasema mti umeunguzwa na moto au na dawa.

Angalia vizuri maneno hayo ya mwisho: umeunguzwa na dawa. Hapo ndipo fitina inapoanzia.

KWA NINI WATU WA KAWAIDA?

Wengine watauliza: Kwa nini tusiwaachie maagronomu? Jibu ni rahisi. Agronomu mmoja ana eneo kubwa la kuhudumia, mara nyingi bila pikipiki, bila mafuta, na kwa barabara ambazo hazipitiki wakati wa mvua. Mama anayekwenda kutafuta kuni anapita chini ya miti hiyo kila siku. Mchoma makala, mfuga nyuki, mchungaji wa ng'ombe na mpasua mbao wanaijua miti kama wanavyojua uso wa rafiki. Wao ndio wa kwanza kuona rangi ikibadilika.

Hata nchi zenye pesa na wataalamu wengi zinategemea macho ya raia. Mwaka 1998, katika mji wa Chicago, Marekani, mkaaji mmoja alimwona mbawakawa mkubwa mweusi mwenye madoa meupe, asiyemfahamu. Alitoa habari. Serikali ilikuja, ikakagua na kukata zaidi ya miti 1,500 iliyoshambuliwa, na mwaka 2008 ikatangaza kwamba mdudu huyo amemalizika mjini humo. Lakini katika jimbo la Michigan, nchi hiyohiyo, mdudu mwingine wa kijani anayekula mti unaoitwa ash alitambuliwa mwaka 2002, wakati alikuwa amekwisha kukaa huko miaka mingi bila kujulikana. Ilikuwa kuchelewa. Tangu hapo ameua makumi ya mamilioni ya miti, na hakuna aliyeweza kumrudisha nyuma. Tofauti kubwa kati ya habari hizo mbili ni wakati.

Sisi wenyewe tuna somo letu. Ugonjwa wa kunyauka kwa migomba ulionekana Masisi mwaka 2001. Si mdudu, ni bakteria, lakini njia ni ileile: ulisafiri kwa panga lisilosafishwa, kwa miche iliyoambukizwa, na kwa wadudu waliotembelea maua. Ulipojulikana na wengi, ulikuwa umeingia katika mashamba mengi ya Kivu. Kama kila kijiji kingekuwa na watu watatu wanaojua dalili na wanaojua pa kupeleka habari, tungeokoa migomba mingi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MITI NA AMANI

Kuna sababu nyingine inayotugusa sisi tunaotafuta amani. Hifadhi ya Virunga iliundwa mwaka 1925, na leo imezungukwa na watu wengi wanaohitaji kupika kila siku. Makala yanayokatwa ndani ya hifadhi yameleta vifo, kukamatwa kwa watu, na pesa mikononi mwa wenye silaha. Ndiyo maana mashirika yalisaidia wakulima kupanda miti yao wenyewe. Mradi wa EcoMakala, ulioanzishwa na WWF mwaka 2007, ni mmoja wa miradi hiyo. Mkulima anapanda kalitusi au miti mingine kwenye kipande chake, anangoja miaka mitano, sita au saba, kisha anavuna kuni na makala yake mwenyewe bila kuogopa mtu.

Fikiri sasa mdudu anaingia mwaka wa tatu. Mkulima amekwisha kutoa ardhi yake, nguvu zake na subira yake. Miti ikidumaa, atarudi kule alikokuwa anakata zamani. Shoka litarudi msituni, na ugomvi utarudi pamoja nalo. Kulinda miti ya mkulima ni njia moja ya kulinda msitu, na ni njia moja ya kulinda watu.

KUCHAGUA WAJITOLEAJI

Kabla ya kufundisha, chagua vizuri. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na kikundi cha watu watano au sita. Mambo haya yasaidie:

- Wawe wake kwa waume, wazee kwa vijana.
- Watoke katika jamii zote zinazoishi hapo, wakulima na wafugaji. Kikundi cha jamii moja kikitangaza ugonjwa katika shamba la jamii nyingine, habari njema itasikika kama tusi.
- Wawe watu wanaotembea kati ya miti kwa kazi yao ya kila siku.
- Angalau wawili wajue kusoma na kuandika. Wengine wanaweza kueleza kwa mdomo na kuonyesha.
- Wasiwe watu wenye kesi ya ardhi inayoendelea katika eneo watakalokagua.

Shefu wa lokalite au mwami aelezwe kwanza, na wakaaji waelezwe katika mkutano wa wazi. Mtu anayekagua miti bila kutambulishwa ataulizwa anatafuta nini, na ni haki aulizwe.

MAFUNZO YA SIKU MBILI

Siku ya kwanza, asubuhi: mti wenye afya. Wengi wanataka kuanza na picha za wadudu. Usianze hapo. Wapeleke wajitoleaji kwenye mti mzima. Waguse gome, waangalie majani machanga na ya zamani, waseme rangi gani ni ya kawaida wakati wa jua na rangi gani ni ya kawaida wakati wa mvua. Asiyejua uzima hawezi kujua ugonjwa.

Siku ya kwanza, alasiri: mambo yanayodanganya macho. Si kila mti unaokauka umeshambuliwa na mdudu mpya. Mbuzi anaweza kutafuna gome kuzunguka shina. Mchwa wanaweza kula mizizi ya mche. Moto wa nyasi unaunguza chini ya shina. Miche iliyopandwa na mfuko wake wa plastiki inakufa mwaka wa kwanza au wa pili. Jua kali linaangusha majani. Mwalimu alete vitawi vya kila namna, avichanganye mezani, na kila kikundi kivitenganishe. Zoezi hili linazuia kelele za bure: mjitoleaji akilia mara tatu bila sababu, mara ya nne hakuna atakayemsikiliza.

Kisha zifundishwe dalili zenyewe, chache tu: vinundu kwenye majani na vitawi, utomvu unaonata na ukungu mweusi, majani ya mti mzima yaliyogeuka rangi ya shaba, matundu kwenye shina na unga wa mbao chini yake, vitawi vya sipre vilivyogeuka kahawia kutoka ndani. Dalili tano zinatosha kuanza. Anayejua tano kwa hakika anafaa kuliko aliyeonyeshwa hamsini akasahau zote.

Siku ya pili, asubuhi: shambani. Kila watu wawili waingie katika shamba la miti kwa ruhusa ya mwenyewe. Wasitazame miti ya kando ya njia tu. Wapite kutoka pembe moja mpaka pembe ya pili, waangalie miti thelathini, wahesabu yenye dalili. Wawili wakitoa hesabu tofauti, warudi pamoja waangalie tena mpaka wakubaliane.

Siku ya pili, alasiri: kuandika ripoti. Hiki ndicho kiini cha mafunzo yote.

NILIYOONA NA NILIYOSIKIA

Mpe kila mjitoleaji daftari. Kila ukurasa ugawanywe kwa mstari katikati. Upande wa kushoto juu aandike NILIYOONA. Upande wa kulia aandike NILIYOSIKIA.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja amepanda mstari wa sipre kwenye mpaka. Jirani yake aliwahi kumwambia mbele ya watu kwamba miti hiyo inafunika maharage yake kwa kivuli. Sasa sipre kumi na mbili zimekauka. Mzee anasema: "Amezimwagia sumu." Mjitoleaji anafika. Upande wa kushoto anaandika: "Sipre 40, kavu 12, nyingine 9 zina rangi ya kahawia ndani. Wadudu wadogo wa kahawia wengi kwenye vitawi. Utomvu unaonata. Mizizi haina alama." Upande wa kulia anaandika: "Mwenye miti anafikiri ni sumu." Jina la jirani haliandikwi popote.

Halafu mjitoleaji anavuka na kuangalia sipre za jirani mwenyewe, na za mtu wa tatu aliye mbali na ugomvi huo. Akikuta wadudu walewale kote, amekwisha kujibu swali ambalo lingeweza kufika mahakamani, au kufika pabaya zaidi. Hajasema nani mwema na nani mbaya. Amehesabu tu, na ameandika.

Wale waliopata mafunzo yetu ya kupambana na uvumi watatambua njia hii. Ni ileile. Anayezoea kutenganisha alichoona na alichosikia kuhusu mti, atazoea kufanya hivyo kuhusu watu.

RIPOTI NZURI INAJIBU MASWALI SABA

1. Mti gani? Jina la kienyeji linatosha.
2. Una umri gani, na miche ilitoka kitalu gani?
3. Mahali gani: kijiji, kilima, karibu na nini?
4. Dalili gani, na katika sehemu gani ya mti?
5. Miti mingapi ina dalili kati ya mingapi iliyoangaliwa?
6. Ilianza kuonekana lini?
7. Aliyeona ni nani, na atapatikana namna gani?

Swali la pili linasahauliwa mara nyingi. Lakini wadudu wengi wanasafiri ndani ya miche. Vijiji vitatu vikiwa na vinundu vilevile, na vyote vilinunua miche mahali pamoja, mtaalamu anajua aanzie wapi. Mwenye kitalu asilaumiwe. Yeye pia hakujua. Aende aonyeshwe, asaidiwe, na asimamishe kuuza mpaka miche ikaguliwe.

PICHA NA VIPANDE VYA KUONYESHA

Kama kuna simu yenye kamera, piga picha tatu: ya mti mzima, ya tawi, na ya dalili kwa karibu. Weka kijiti cha kibiriti kando ya mdudu ili ukubwa uonekane. Kama hakuna simu, kata kitawi kidogo, kilaze kati ya kurasa za gazeti kavu, weka jiwe juu yake siku mbili, kisha andika namba ya ripoti. Mdudu mwenyewe mtie katika kichupa chenye alkoli ya dawa.

Kanuni moja isivunjwe: usibebe mdudu mzima wala tawi bichi lenye wadudu kutoka kijiji mpaka kijiji. Mtu anayebeba tawi hilo kwenda kumwonyesha agronomu anaweza kuwa yeye ndiye aliyepeleka ugonjwa mjini.

USALAMA KWANZA

Katika eneo letu, kijana anayetembea msituni na daftari na simu, akihesabu na kupiga picha, anaweza kudhaniwa mpelelezi. Hilo si jambo dogo. Hali ilibadilika tena mwaka 2025, wakati Goma ilipotekwa mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, na watu wengi wakahama. Kwa hiyo tunasisitiza:

- Nenda wawili wawili, mchana, katika maeneo ya kijiji chako tu.
- Usipige picha ya askari, ya mtu mwenye silaha, ya kizuizi cha barabara wala ya kambi.
- Usiandike katika daftari jambo lingine lolote isipokuwa miti.
- Ukiona wakata miti wenye silaha, ondoka. Hiyo si kazi yako, na mdudu hana haraka kuliko uhai wako.
- Kama wakubwa wa mahali wanakataza, usibishane. Ngoja.

Mti mmoja usiokaguliwa ni hasara ndogo. Mjitoleaji mmoja asiyerudi nyumbani ni hasara isiyolipika.

TUANGALIE MANENO YETU

Katika vitabu vingi utasoma "wadudu wageni" na "wadudu wavamizi". Maneno hayo yana maana yake kwa wataalamu. Lakini kwetu, neno "mgeni" na neno "mvamizi" yamekwisha kutumiwa juu ya watu, na damu imemwagika. Katika Maziwa Makuu tunajua pia mwisho wa kuwaita watu kwa jina la mdudu. Rwanda ya mwaka 1994 haijasahauliwa. Kwa hiyo tunawaomba waalimu waseme "mdudu mpya". Wasimpe mdudu jina la kabila, la nchi jirani, la chama au la kikundi chochote. Kama wakaaji wamekwisha kumpa jina la namna hiyo, mwalimu asilirudie. Aseme jina la mti anaoushambulia: mdudu wa sipre, nyigu wa kalitusi. Mdudu huyo hana kabila, na miti ya kila mtu kwake ni chakula.

JIBU LAZIMA LIRUDI

Ripoti inaanzia kwa mjitoleaji, inakwenda kwa shefu na kwa moniteri wa kilimo, kisha kwa agronomu wa teritwari na ukaguzi wa kilimo wa jimbo. Watafiti wa INERA na vyuo vikuu vyenye kitivo cha kilimo wanaweza kusaidia kumtambua mdudu. Kliniki za mimea, kama zile zilizokwisha kuendeshwa Kivu Kaskazini, zimeonyesha kwamba mkulima yuko tayari kuleta jani lenye ugonjwa sokoni akijua kuna mtu atakayeliangalia na kumjibu.

Neno kubwa ni hilo: kumjibu. Programu nyingi za kujitolea zinakufa kwa sababu habari inapanda na haishuki. Mjitoleaji akituma ripoti mbili bila kusikia kitu, hatatuma ya tatu. Kwa hiyo kila kikundi kichague mtu mmoja wa kufuatilia, na kila mwezi akisomee kijiji majibu yote, hata kama jibu ni "bado tunangoja", hata kama jibu ni "hakuna mdudu, ni mbuzi".

Jina la kweli la mdudu linafungua njia ya dawa ya kweli. Kidukari wa sipre alipotambuliwa vizuri, wataalamu walitafuta adui yake wa asili huko Ulaya: nyigu mdogo anayetaga yai ndani ya mwili wa kidukari. Katika miaka ya 1990 nyigu huyo aliachiliwa Malawi na katika nchi nyingine za eneo hili, akasaidia kupunguza vidukari bila sumu. Hakuna kilichowezekana kabla ya mdudu kujulikana.

Wakati wa kungoja jibu, wakaaji wafanye mambo haya:

- Wasihamishe kuni mbichi, magogo yenye gome, wala miche kutoka mahali palipoonekana ugonjwa.
- Wasikate shamba lote kwa hofu. Miti mingine inapona, na mingine inaonyesha uvumilivu. Mbegu zake zina thamani.
- Wasipulizie dawa za wadudu bila ushauri. Zinaua nyuki na wadudu wanaotusaidia, na ni hatari kwa watoto.
- Wanapopanda tena, wachanganye aina mbalimbali, pamoja na miti ya asili. Mdudu wa kalitusi hawezi kula shamba zima ikiwa nusu yake si kalitusi.
- Mahali mti wa mpaka umekufa, majirani wote wawili waweke alama mpya pamoja, mbele ya wazee, kabla shina halijang'olewa.

Turudi kwa yule mzee wa mfano wetu. Jibu likirudi kwamba ni kidukari, sipre zake hazitafufuka. Lakini yeye na jirani yake watakuwa na kazi moja ya kufanya pamoja: kupanda mpaka mpya, safari hii kwa miti ya aina mbili au tatu, na pengine mbali kidogo na maharage.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, miti ilipokauka mara ya mwisho, tulisema sababu ni nini? Tulijuaje?
2. Ni nani anayepita kati ya miti kila siku, lakini hatujawahi kumuuliza anachoona?
3. Tukiona dalili kesho asubuhi, habari itapita kwa nani, na jibu litarudi kwa njia gani?
4. Ni maneno gani tunayotumia juu ya wadudu ambayo jirani yetu anaweza kuyasikia kama matusi?
5. Ni mipaka gani inayotegemea miti peke yake, na tunaweza kuiwekea alama gani nyingine leo, wakati bado tunasalimiana?